Hamduni na Handibreki ya Meno Sita

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema lolote, sikilizeni kwanza.

Ka. Ka. Ka. Ka. Ka. Ka.

Mmesikia? Hesabuni tena pamoja nami. Ka, moja. Ka, mbili. Tatu, nne, tano, sita. Hiyo siyo ngoma. Hiyo ni handibreki! Fundi mitambo wetu ametoka nje na kinasa sauti, akaingia kwenye gari langu, akavuta handibreki mara moja tu, na kila mlio ni jino moja la chuma linaloshika. Meno sita. Leo nitazungumza nanyi juu ya meno hayo sita, kwa sababu mtu aliyetufundisha kuyahesabu ametutoka Jumanne iliyopita.

Ametutoka Hamduni Abdulkadiri. Fundi Hamduni wa Nyasho, hapa Musoma. Fundi magari. Amefariki akiwa na miaka sabini na miwili, nyumbani kwake, mkewe akiwa pembeni, muda mfupi baada ya kuswali Alfajiri. Mimi ni Clementi Mseti, na leo mtaniwia radhi nikipaza sauti. Siku niliyomjua Hamduni nilikuwa napiga kelele kwenye kipaza sauti mpaka koo likakauka. Nikinong'ona leo, yeye mwenyewe atanishangaa huko aliko.

Haya, tuanze mwanzo. Hamduni alizaliwa Musoma mwaka arobaini na nne. Baba yake alikuwa fundi bati, mtu wa kutoka Tabora, alitengeneza koroboi na ndoo. Mama yake alikuwa Mjita. Kwa hiyo mtoto alikua anasikia nyundo mchana na Kijita jioni. Ufundi wa magari alijifunza kwenye gereji moja pale Mukendo, alianza kwa kuosha bolti kwenye mafuta ya taa. Mwaka sitini na tisa akamwoa Mwanaharusi, wakampata binti, Fatu. Na Mwanaharusi alikuwa na kaka yake, Twalib. Shikeni jina hilo. Twalib, shemeji yake Hamduni. Bila Twalib hakuna habari ya leo.

Sasa twendeni mwaka themanini na moja. Wazee mnaukumbuka mwaka huo. Sabuni hakuna. Sukari foleni. Na spea za magari? Usiulize! Magari yalikuwa yanakulana kama samaki. Hili linanyofolewa koili linapewa lile, lile linavuliwa tairi linapewa jingine. Na kitu cha kwanza kunyofolewa kilikuwa waya wa handibreki. Kwa nini? Kwa sababu gari linatembea bila handibreki. Halisimami vizuri, lakini linatembea, na miaka ile kutembea ndiko kulikotafutwa.

Badala ya handibreki tulikuwa na jiwe. Vijana mnaonisikiliza mnacheka, chekeni tu. Kila lori lilikuwa na utingo, na kila utingo alikuwa na jiwe lake. Gari likisimama mlimani, utingo anaruka na jiwe, anaweka nyuma ya tairi. Jiwe zuri lilikuwa bapa upande mmoja, na upande mwingine limelala kidogo. Watu waliyachonga. Watu waliibiana, jamani! Nimeona kwa macho yangu matingo wawili wakishikana mashati pale stendi ya Bunda, wanagombea jiwe.

Twalib alikuwa utingo. Miaka tisa alifanya kazi hiyo, Musoma, Bunda, Guta, Kisorya. Alijua kila shimo la njia.

Siku moja ya msimu wa pamba, lori lake lilikwama Guta. Waya wa akseleta umekatika. Wakamwita Hamduni, siku hiyo alikuwa na kazi Bunda. Hamduni akaja na baiskeli, akatazama, akaona hana waya. Lakini akaona waya wa handibreki, mzima, adimu kabisa. Akaunyofoa. Akaufunga kwenye akseleta, lori likanguruma, watu wakashangilia. Akamwambia Twalib, "Huu nitakurudishia shemeji, ukipatikana mwingine." Kisha akapanda baiskeli yake akaondoka.

Jioni ile ile, karibu na kuingia Bunda, lori likazima mlimani limejaa pamba. Dereva akakanyaga breki ya mguu. Twalib akaruka na jiwe lake, kama alivyoruka mara elfu. Akainama. Breki ya mguu ikazama mpaka chini. Lori likarudi nyuma kabla jiwe halijakaa.

Twalib alipoteza mguu wa kushoto, chini ya goti. Narudia, wasikilizaji, kwa sababu hapa ndipo penye mzigo wote: waya wa handibreki ulinyofolewa na Hamduni. Mguu uliopotea ulikuwa wa shemeji yake.

Nimekwenda kumwona Mzee Twalib juzi, kwenye matanga. Yuko hai, ana maneno, na bado ni fundi viatu pale sokoni. Ndiyo, fundi viatu! Mwenyewe anasema, "Nashona vya watu jozi jozi, cha kwangu kimoja." Nikamuuliza kama alimlaumu Hamduni. Akasema hivi:

"Sikumlaumu. Kila mtu alikuwaga ananyofoa. Lakini sikumwambia kwamba simlaumu. Nilikuwaga namwona anangoja nimwambie, nami nanyamaza. Sijui kwa nini. Hasira zilikuwepo, ila sikujua nimpe nani."

Na Mama Mwanaharusi, mjane wa marehemu, ameniambia, "Kaka akiingia na gongo lake wakati wa chakula, baba Fatu anasukuma sahani. Anasema ameshiba. Sahani imejaa wali! Miaka saba, mwanangu. Nilikuwa katikati yao, nakula peke yangu."

Hicho ndicho kilichokuwa moyoni mwa Hamduni miaka saba. Mali hakuitamani wala sifa. Alitaka siku moja Twalib akae ndani ya gari lililopita mikononi mwake, lisimame mlimani bila jiwe, na Twalib asiogope. Maana tangu ajali ile, Twalib alikuwa hapandi gari linalopita mlimani. Alikuwa tayari kutembea kwa gongo mpaka Nyegina kuliko kupanda.

Haya! Sasa mambo yakalegezwa. Ruksa imeingia. Mitumba imeingia, redio zimeingia, magari yaliyotumika yameanza kushuka. Mwaka themanini na nane, bwana mmoja wa Nyegina, Bernado, mfanyabiashara wa sangara, akanunua Datsun. Nyekundu! Na mwaka huo huo, wapenda magari wa mkoa wakaandaa mashindano. Kuanzia Musoma, mpaka Bunda, kugeuza Kisorya kwenye kivuko, kurudi Bunda, kupitia Nyamuswa, kumaliza Butiama. Ee bwana wee! Mkoa mzima haukulala. Watu walikuwa wanajadili matairi makanisani.

Kamati ikatoa masharti, na mawili ndiyo yaliyoleta kasheshe. Sharti la kwanza, kila gari liwe na keji. Keji ni mabomba ya chuma yanayochomelewa ndani ya gari, ili likipinduka paa lisiwabonde walio ndani. Sharti la pili, handibreki. Kilima cha mwisho kabla ya Butiama kutakuwa na kituo. Gari linasimama mlimani, injini inazimwa, dereva anatoa mikono yote miwili nje ya dirisha, dakika moja nzima. Hakuna kushuka. Hakuna jiwe. Ukiweka jiwe, dakika tano za adhabu.

Bernado akapeleka Datsun Mwanza ikachomelewe keji. Ikarudi na keji nene, imara, ukigonga inalia kama kengele. Lakini yule mchomeleaji alikuwa amepitisha bomba moja chini, katikati ya viti viwili, juu kidogo ya mkono wa handibreki. Ukivuta, ka, ka, ka, meno matatu, mkono unagonga bomba. Hauendi tena. Na handibreki ile ilihitaji meno sita ili ishike. Meno matatu gari linateleza. Meno sita linashika.

Bernado akaileta kwa Hamduni, mkono kichwani, zimebaki siku kumi na moja. Akasema, "Fundi, kata hili bomba." Hamduni akakataa. Mafundi waliokuwa wamejaa pale wakasema, "Basi ng'oa handibreki, mkifika mlimani mtaona." Hamduni akageuka kama aliyechomwa sindano. Akasema maneno ambayo bintiye Fatu ameyaandika kwa rangi kwenye ukuta wa gereji, yapo mpaka leo: "Bomba linalinda walio ndani. Handibreki inalinda walio nje. Gari hii itatoka hapa na vyote viwili."

Ninyi mafundi mnaonisikiliza, hapa sogezeni redio. Hamduni aliukata ule mkono wa handibreki. Akachukua kipande cha chuma cha spring ya lori, akakichomelea kwenye mkono kikazunguka lile bomba na kutokea upande wa pili. Kilionekana kizuri. Na Bernado, ambaye alitaka msaidizi wa kumsomea njia, akamwendea Twalib, mtu anayejua kila shimo. Twalib akajibu, "Kwenye gari ya Hamduni? Mlimani, bila jiwe? Anioneshe kwanza."

Akaja kuoneshwa. Fikiria hali ya Hamduni siku hiyo! Shemeji amesimama na gongo, anatazama. Bernado yuko ndani, gari limeelekea juu kwenye mteremko wa nyuma ya gereji. Akavuta. Ka, ka, ka, ka, paa! Mkono ukakatika, ukabaki mkononi mwa Bernado kama mwiko. Datsun ikarudi kinyumenyume mpaka kwenye uzio wa mabati, kuku wakaruka, mabati yakalala.

Chuma cha spring ni kigumu, lakini ukikichomelea kinakuwa kama kigae. Hamduni alijua hilo. Haraka ilimponza. Twalib aligeuka akaondoka, na waliokuwepo wanasema walisikia gongo lake tu likienda, ko, ko, ko, mpaka barabarani. Hamduni alikaa chini palepale kwenye mabati yaliyoanguka. Mama Mwanaharusi anasema siku hiyo alilia, na hakujificha.

Lakini kesho yake asubuhi, saa kumi na mbili, mivukuto inapulizwa! Safari hii alisema hachomelei kitu. Anatengeneza mkono mpya mzima, bomba moja la maji, analikunja kwa moto lipite pembeni ya keji. Shida ni kwamba bomba tupu ukilikunja linabonyea kwenye kona, na likibonyea nguvu imekwisha. Kwa hiyo unalijaza mchanga, unaziba huku na huku kwa vizibo vya mti, unalipasha moto mpaka liwe jekundu, unalikunja taratibu.

Mchanga ulitoka Mwigobero, pale zinapoegeshwa boti. Mchanga mweupe, laini, wa bure. Na umelowa! Nani Musoma anakausha mchanga wa ziwa? Tunaujengea hivyohivyo. Wakalijaza bomba, wakaliziba, wakalitia motoni. Maji yakachemka humo ndani. Mvuke hauna pa kutokea. Puuu! Kizibo kikaruka kama risasi, kikavuka uzio, kikatua jikoni kwa jirani, Mama Susana, kikatoboa sufuria la dagaa. Mama Susana akatoka na mwiko. "Hamduni! Unapigana na nani?"

Wanaume wote wakalala chini, anasema Fatu, si kwa ajili ya mlipuko, kwa ajili ya Mama Susana. Lakini alipoelezwa, yule mama, Mungu amrehemu, alifanya jambo ambalo mafundi wote hawakuliwaza. Akalileta lile sufuria lililotoboka. Akaziba tundu kwa udongo. Akamimina mchanga ndani, akaubandika mekoni, akaukaanga kama karanga, anageuza, anageuza, mpaka ukakauka kabisa. "Kaangeni kwanza, ndiyo mpike," akasema, na akadai sufuria jipya. Alilipata.

Mchanga mkavu, bomba likakunjika kama kiwiko cha mkono. Halikubonyea hata kidogo. Likazunguka lile bomba la keji pembeni, lisiliguse, likatokea juu linaposhikika. Bado kitufe. Mnajua kile kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba ili kuachia handibreki? Ndani yake kuna fimbo iliyonyooka, na fimbo iliyonyooka haipiti kwenye kona. Hamduni akatafuta mkono wa klachi wa pikipiki na waya wake. Waya ukapita ndani ya kiwiko. Ukitaka kuachia, unabana mkono wa klachi, meno yanaachia. Hapo alitumia waya ulionunuliwa dukani, mpya, kwenye karatasi yake. Fatu anasema aliufungua akaunusa.

Na majaribio je? Sikilizeni wazimu huu. Akalipeleka gari mteremkoni, akamweka mkewe kwenye usukani, akavuta handibreki. Ka, ka, ka, ka, ka, ka. Meno sita. Halafu akachukua kigoda, akakiweka nyuma ya tairi la nyuma, shubiri moja, akakaa. Akaagiza chai. Mama Mwanaharusi anasema, "Nikamwambia wewe mwanamume una wazimu, toka hapo! Akaniambia, mimi ndiye niliyetakiwa kukaa hapa tangu siku ile." Alikunywa chai vikombe viwili. Gari halikusogea.

Habari ikamfikia Twalib sokoni. Mambo ya Musoma, hayalali njiani. Asubuhi ya mashindano akatokea na mfuko begani, akaingia kwenye Datsun. Ndani ya mfuko mlikuwa na jiwe. Jiwe lake la zamani la utingo! Bernado akasema sheria hairuhusu. Twalib akajibu, "Sheria imekataza kuliweka chini. Haijakataza kulipakata."

Na sasa, wasikilizaji wapendwa, niingie mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wa pamba. Walinipa kipaza sauti kwa sababu ya mdomo wangu tu. Wakaniweka kwenye kile kilima cha mwisho kabla ya Butiama. Watu walikuwa wamejaa pande zote, hadi juu ya mawe, wengine wamekuja na viti. Hamduni alikuwepo, katikati ya watu, kanzu nyeupe.

Vumbi likaonekana upande wa Nyamuswa. Gari la kwanza, Peugeot ya kijivu! Linapanda, linasimama, na kabla halijatulia, msaidizi wake mlango wazi, jiwe mkononi, chini ya tairi, tak! Mazoea, jamani! Hakukumbuka hata sheria. Alipoinua kichwa akaona bendera nyekundu, akajishika kiuno. Dakika tano. Nikapiga kelele, watu wakafa kwa kicheko.

Gari la pili, Land Rover. Dereva anamfokea msaidizi wake, "Kaa! Kaa! Usishuke!" Kijana kashashuka! Anasema alisikia "kaa", lakini miguu ilikuwa njiani. Jiwe, tak. Dakika tano. Nilikuwa nalia machozi ya kucheka kwenye kipaza sauti.

La tatu, jekundu. Datsun! Bernado! Nilisema, "Na huyu hapa mtu wa Nyegina, na huyu ni Twalib wa Musoma, mtu wa mguu mmoja, tuone kama ataruka!" Samahani, nilikuwa kijana, ulimi hauna breki. Datsun ikasimama. Injini, kimya. Nikasikia mwenyewe, kutoka pale nilipo, ka, ka, ka, ka, ka, ka. Bernado akatoa mikono yote miwili dirishani, kama mtu aliyekamatwa.

Na gari likarudi nyuma. Kidogo tu. Shubiri moja, jinsi breki inavyojibana kwenye ngoma ya gurudumu kabla haijashika. Lakini watu wakasema, "Aaaa!" Na hapo, wasikilizaji, nikaona kitu sijawahi kukiona tena. Watu wakainama wote kwa pamoja kuokota mawe. Wema wetu! Wanaume watano, bibi mmoja na tofali lake, wote mbio kwenye tairi la nyuma. Wangeligusa tu, Bernado ana dakika tano. Na wa kwanza, mbele ya wote, jiwe mikononi, kanzu imepandishwa, nani?

Hamduni! Hamduni mwenyewe! Aliyekunywa chai nyuma ya tairi lile lile. Aliona gari limerudi shubiri moja, na mbele ya macho yake hakuiona Datsun, aliliona lori la pamba. Alikuwa amebakiza hatua mbili.

Ndipo kichwa cha Twalib kikatoka dirishani mpaka mabegani. Na sauti ile, naisikia mpaka leo.

"Shemeji! Tupa hilo jiwe! Imeshika! Imeshika, Hamduni, simama hapohapo, mimi niko ndani, imeshika!"

Hamduni akasimama. Jiwe likamtoka mikononi, likaanguka karibu na kidole chake cha mguu. Wale wengine nyuma yake wakamgonga mgongoni, bibi na tofali lake akasimama. Mkaguzi anatazama saa. Nami, mwenye mdomo, nimeshusha kipaza sauti. Dakika ile ilikuwa ndefu, ndugu zangu. Datsun haikusogea. Bendera ya kijani ikashuka.

Nilipiga kelele mpaka betri za kipaza sauti zikaisha. Mawe mia moja yaliyokuwa mikononi mwa watu yalianguka, puu puu puu, wanacheza. Hamduni amekaa chini katikati ya barabara, kanzu yote vumbi, analia na kucheka.

Mnataka kujua kama walishinda? Hawakushinda! Bernado aliwasha gari akaondoka kama mshale, anaongoza, adhabu za wenzake zipo mfukoni, na miaka mingapi hajaendesha gari lenye handibreki? Akasahau kuiachia! Moshi ukaanza kutoka magurudumu ya nyuma. Nikasema kwa mdomo mtupu, "Moshi! Moshi!" Naye akadhani tunamshangilia, akapunga mkono. Datsun ikavutavuta mpaka Butiama inanuka kama mpira uliochomwa, ikawa ya pili. Hamduni alipoambiwa alicheka mpaka akashika mti. "Kuishika nimemfundisha," akasema, "kuiachia nimesahau."

Twalib aliposhuka alikuta jiwe bado liko mapajani. Alikuwa amelisahau. Ameniambia, "Nilikuwa nimelipakata kama mtoto, sijui lipo." Akalifikisha kwa Hamduni, akalitia mikononi mwake, akasema, "Hili sina kazi nalo tena." Siku hiyo walikula sahani moja, na Mama Mwanaharusi anasema alipika mara mbili.

Lile jiwe likawa la kushikia mlango wa gereji. Lipo mpaka leo, nimelikanyaga juzi. Na tangu siku hiyo hakuna gari lililotoka kwa Hamduni bila kuhesabiwa meno. Liwe limekuja kwa taa, liwe limekuja kwa honi, lazima mwenyewe akae, avute, ahesabu. Kuna msikilizaji wa Guta ameniandikia sasa hivi, anasema alienda kwa Hamduni kuziba pancha tu, akarudishwa nyumbani na handibreki mpya. Anasema alikasirika sana. Anasema amewaweka watoto wake wanne kwenye gari hilo miaka kumi na tano.

Hamduni alizikwa Jumanne hiyo hiyo, baada ya Alasiri. Jeneza lilipandishwa kwenye pikapu, Fatu akabaki nyumbani na mama yake. Mbele, karibu na dereva, amekaa Mzee Twalib. Njia ya kuingia makaburini ina mteremko, mnaujua. Pikapu ikasimama hapo. Na mimi nilikuwepo, nikaona. Wazee watatu wa siku zile, bila kusemezana, wakainama kuokota mawe. Mazoea hayaishi.

Mlango wa mbele ukafunguka. Twalib akatoa mkono wake, kiganja wazi.

"Acheni. Gari hii aliitengeneza yeye mwenyewe, mwezi uliopita."

Kisha akamsogeza dereva, akashika handibreki mwenyewe. Akavuta. Tukayasikia yote sita. Na Twalib akageuka nyuma, kwenye lile dirisha dogo linalotazama jeneza, akasema taratibu, "Imeshika, shemeji." Ndipo tukamshusha.

Kwa niaba ya kituo chetu, nampa pole Mama Mwanaharusi, binti yake Fatu anayeendelea na gereji, Mzee Twalib, Bwana Bernado kule Nyegina, na mafundi wote wa Nyasho, Bunda na Butiama. Mwenyezi Mungu amlaze Hamduni mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Pengine kuna mtu anayekula nawe, anayesukuma sahani kila ukiingia, anangoja neno moja tu kutoka kwako. Twalib alikaa nalo miaka saba, na ameniambia lilikuwa zito kuliko lile jiwe. Mwambie leo. Na ukifika uendako, ukizima gari, usiinuke haraka. Vuta handibreki, uhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.

Imeshika, Hamduni.